Alama Katika Damu ya Ziad

Ugonjwa wa Ziad ulianzia kwenye kubadhi. Alitoka msikitini baada ya adhuhuri, akapita vichochoro vya Mji wa Kale hadi kwake, akapanda ngazi, akaketi, na ndipo binti yake Najla alipomuuliza kubadhi ya pili iko wapi. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, na kwa hali yake ulikuwa umekanyaga mengi. Ziad aliutazama kama anayetazama mguu wa mgeni. Hakuwa amehisi lolote.

Wiki zilizofuata ganzi ilipanda kutoka nyayoni hadi magotini, kisha ikaingia na kwenye vidole vya mikono. Akifumba macho kuosha uso wakati wa kutawadha, alianguka. Akitembea alipepesuka, akashika kuta. Hapo ndipo jamaa zake walipoingiwa na hofu ya kweli, na msidhani walihofia afya yake. Walihofia watu wasije wakasema Ziad anakunywa. Mtu wa nyumba ile, nyumba ambayo wazee wake husomwa majina kutoka Hadhramaut hadi Mombasa bila msomaji kukwama, anayumba asubuhi peupe mbele ya wanywa kahawa! Aibu hiyo ilihitaji tiba haraka.

Mwenye kuamua tiba alikuwa Sheikhan, kaka mkubwa wa Ziad, aliyekaa ghorofa ya juu ya nyumba yao ya urithi, ile yenye roshani inayopata upepo. Sheikhan ndiye aliyeamua kila kitu katika ukoo. Habari yoyote iliyoingia mle ndani ilipita kwake kwanza, naye ndiye aliyejua ipi isomwe, ipi ikaliwe kimya, na ipi ichanwe kabla haijamfikia mwenyewe. Kwa amri yake Ziad alinyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya, akapakwa mafuta ya habasoda, akakandwa na bibi mmoja wa Majengo aliyesifiwa kwamba aliwahi kumsimamisha mtu aliyepooza. Huyo aliyesimamishwa hakuna aliyemjua. Ziad alikandwa mpaka akamtukana yule bibi, na miguu ikabaki vile vile.

Lazima niseme kwamba Ziad hakuwa malaika. Alikuwa na duka la vitasa na bawaba kule Bondeni, alivuta sigara moja akiwashia nyingine, na ulimi wake uliwahi kumkata karibu kila mtu aliyepita mlangoni mwake. Aliyemvumilia ni Najla peke yake. Najla alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Makupa, ameolewa na kuachwa, na kwao bado alihesabiwa mtoto wa kutumwa kahawa. Yeye ndiye aliyemshika baba yake mkono siku moja, bila kuomba ruhusa ghorofani, akampeleka kwa Daktari Kenneth Chengo, bingwa wa mishipa ya fahamu.

Sheikhan alipopata habari alishangaa sana. Hakushangaa kwamba mishipa ya fahamu ina bingwa wake; alishangaa kwamba bingwa huyo ni Mgiriama wa Kaloleni. Akaamua kumwita "kijana", ingawa Chengo alikuwa na mvi za kutosha na alikuwa amesomea kazi yake ng'ambo kwa miaka mingi. Chengo alimgonga Ziad magoti kwa nyundo yake ndogo, akamchoma nyayo kwa pini, akamuuliza habari za sigara, akamkataza. Akampiga picha ya kifua. Picha ikatoka safi, na Sheikhan akamshukuru Mungu kwa sauti ya mtu aliyeipiga picha mwenyewe.

Chengo hakuridhika. Alimtoa Ziad damu akasema itapelekwa Ulaya, kwani mwaka ule wa tisini na sita Mombasa haikuwa na mahali pa kuipima kwa jambo alilolitafuta. Hapo jamaa wote waligeuka wakawa wapenzi wa sayansi. Shangazi Badria, dada yao Sheikhan na Ziad, hakuhudhuria harusi wala matanga bila kutaja kwamba damu ya ndugu yake imepanda ndege. Wanawake waliokuja kumjulia hali Ziad walimpita mgonjwa wakaenda kumuuliza Badria damu imefika wapi. Wengine waliona haya kwamba za kwao hupimwa hapa hapa, karibu na soko.

Majibu yaliporudi walioitikia wito wa daktari walikuwa Sheikhan na Najla. Mwenye damu aliachwa nyumbani, kwani kwao haikuwa desturi mgonjwa kupewa majibu yake. Hupewa watu wake, nao humkatia kipande wanachoona anaweza kukitafuna. Chengo aliuliza mgonjwa yuko wapi. Sheikhan akasema anapumzika.

Daktari akawaeleza taratibu. Katika kila chembe ya mwili, alisema, mna maagizo makuu yaliyofungiwa ndani, na maagizo hayo hayatoki. Kinachotoka ni nakala zake, ujumbe mfupi mfupi uitwao RNA, unaokwenda kuambia chembe itengeneze nini. Kuna protini ambazo kazi yake ni kuusimamia ujumbe huo: upi usomwe sasa, upi uhifadhiwe, upi uharibiwe. Mojawapo ya protini hizo ni mkaazi wa ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa kawaida haionekani kwingineko. Najla, kwa kusikia hivyo, alimtupia jicho ami yake bila kukusudia. Sheikhan alikuwa akitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayesifiwa.

Lakini baadhi ya saratani, Chengo aliendelea, hasa aina moja kali ya mapafu, hujivika protini hiyo. Mwili huona kitu cha ubongo kimekaa mahali pasipo pake, ukawatuma askari wake kukipiga. Askari hao wakishafunzwa kuitambua hawachagui tena, huipiga na kule iliko kwa haki, ndani ya mishipa. Kwa hiyo miguu hufa ganzi. Damu ya Ziad ilikuwa imejaa askari hao.

"Hii ni alama, mzee," alimwambia Sheikhan. "Alama si ugonjwa wenyewe, lakini mahali ilipo, mara nyingi saratani iko nyuma yake, na huwa bado ndogo, haijaonekana hata kwenye picha ya kawaida. Tumepata bahati ya kuijua mapema. Ganzi iliyokwisha kuingia huenda isitoke. Lakini tukiutafuta uvimbe kwa mashine kubwa na kuanza sindano kule Nairobi, tunaweza kuusimamisha hapa ulipo. Mimi nazungumza juu ya wiki. Miezi hatuna."

Sheikhan alifikiri, kisha akauliza hiyo protini inaitwaje. Chengo akamwambia jina lake ni herufi mbili tu, zilizotolewa kwenye jina la mgonjwa wa kwanza aliyegunduliwa kuwa na askari kama wale. Sheikhan akauliza mgonjwa huyo alikuwa mtu wa wapi, na wa ukoo gani. Chengo hakujua. Jambo hilo lilimuudhi Sheikhan kuliko yote aliyoyasikia asubuhi ile, kwamba ndugu yake atabeba mwilini kitu chenye jina la mtu asiyejulikana kwao.

Chengo aliomba mgonjwa aletwe amwambie mwenyewe. Sheikhan aliweka kiganja kifuani akasema jambo hilo aachiwe yeye. Na yule daktari, aliyejua kila mshipa wa binadamu, alishindwa na adabu ya pwani kama tunavyoshindwa sote, akainama kidogo akasema, "Haya, mzee."

Jioni ile walikaa kikao ghorofani, kwenye upepo. Sheikhan alitoa hukumu. Ziad asiambiwe, maana moyo wake utapasuka. Hospitali kubwa asipelekwe, maana akipelekwa atajua. Tena kuna sababu gani ya kumsumbua? Picha ya kifua ni safi. Na Chengo mwenyewe kasema alama si ugonjwa, mmesikia, Najla shahidi. Najla alisema daktari alisema na mengine baada ya hapo. Akaambiwa anamtakia baba yake mauti. Akanyamaza. Laiti ningeweza kusema alinyamaza kwa kushindwa nguvu. Kweli ni kwamba aliogopa. Hakutaka kuwa yeye wa kukaa mbele ya baba yake na kulitamka lile neno, na marufuku ya ami yake ilimpa pahali pazuri pa kujificha.

Basi Ziad akaambiwa damu imerudi safi. Na kwa kuwa uongo mkubwa hauwezi kukaa bila chakula, wakaandaa kisomo cha shukrani. Ukumbi ulijaa, ubani ukafukizwa, biriani likaliwa, haluwa ikapitishwa, na watu wazima na ndevu zao wakainua mikono kumshukuru Mungu kwa afya aliyomjalia mtu asiyeweza kusimama bila kushikwa. Ziad alifurahi. Wageni walipotoka aliwasha sigara, ya kwanza tangu Chengo amkataze, na Najla akamletea kisahani cha majivu.

Siri ile ilikuwa na ulinzi mkali. Badria alimwambia kila mmoja peke yake, na kila mmoja alimwapisha asimwambie mtu. Haikupita muda Mji wa Kale wote ulikuwa umeapishwa, na Bondeni nako. Watu walijua kwamba Ziad ana ule ugonjwa, na walijua kwamba Ziad hajui, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia. Ila palikuwa na tatizo moja. Ziad aliwahi kugombana na wengi, na katika watu wale hakuna jambo linaloogopwa kama mtu kwenda zake kaburini na kinyongo chako moyoni. Usipotaka radhi hapa, utadaiwa kule. Kwa hiyo wale wale waliofunga midomo wasimwambie kwamba anakufa, walianza kumiminika, mmoja mmoja, kumwomba msamaha kabla hajafa.

Wa kwanza alikuwa Chonga, muuza samaki. Alikaa ukingoni mwa kiti, akazungusha kofia mkononi, akakiri kwamba kwa miaka mingi alimuuzia Ziad changu wa jana akiapa ni wa alfajiri. Ziad alimkodolea macho, akamsamehe. Akafuata Mwanakuu, jirani wa mlango wa pili, aliyetaka asamehewe dunia na akhera kwa maji machafu aliyokuwa akiyamwaga dirishani makusudi Ziad akipita na kanzu nyeupe. Ziad akasamehe. Akaja Lennox, mwenye duka lililopakana na lake Bondeni, Mkristo, ambaye desturi hiyo hakuijua ila alikuwa ameelekezwa na wenziwe. Alisimama wima kama aliyeitwa kwa hakimu, akaungama kwamba ndiye aliyewaambia wateja kuwa vitasa vya Ziad hufunguka kwa kijiko. Ziad alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile kikachukua muda kutulia.

Najla aliwapikia kahawa wote hao. Kila mgeni akiondoka alimtazama baba yake usoni kuona kama ameelewa, na kila mara alijiambia hajaelewa, maana ndivyo alivyotaka iwe. Shangazi Badria alipokuja na kanga ya kufutia machozi, akaomba msamaha kwa maneno aliyoyazua zamani kuhusu marehemu Mejumaa, mama yake Najla, ili asiolewe na Ziad, mzee aligeuza uso ukutani. Kisha akasema amesamehe. Na mwisho kabisa, ami Sheikhan mwenyewe akashuka ngazi. Najla hakuamini masikio yake. Yule aliyeuamuru uongo alikuja kukiri kwamba marehemu baba yao hakusema ghorofa ya juu iwe ya mkubwa, alisema wagawane. Alikiri kwa Kiarabu kingi na Kiswahili kidogo, akasamehewa, akapanda tena kwenye upepo wake akiwa mwepesi.

Siku ile ile, au iliyofuata, Najla alikutana na Daktari Chengo pale Makupa, alipokuwa akivuka kutoka shuleni. Chengo alimsabahi, akamuuliza mzee yuko wapi, mbona hakumwona. Najla akasema jamaa bado wanashauriana. Daktari alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama Sheikhan.

"Mwalimu," alisema, "hicho kilichomo kifuani mwa baba yako hakingoji mashauri yenu. Miye nilikosea kuwaachia. Mwambie leo, au nitakuja nyumbani kwenu nimwambie mbele ya ami yako."

Najla alitembea njia nzima akiyapanga maneno. Angeingia, angekaa, angesema: baba, majibu hayakuwa safi, tulikuficha, kuna tiba, twende. Maneno manne matano. Aliyarudia mpaka yakamkaa kama hesabu za darasani. Alimkuta Ziad ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta, kikombe cha kahawa akikishika kwa mikono miwili huku akiitazama, kwani vidole vyake havikumwambia tena kama vimeshika au vimeachia. Alivyokonda. Najla alipiga magoti, akafungua mdomo, na ulimi uliolelewa katika nyumba ile ukatoa kile unachokijua.

"Baba," akasema, "nimekuja kukutaka radhi."

Ziad alikitua kikombe chini polepole, akihakikisha kwa macho kwamba kimefika.

"Hata wewe, Najla?"

Mzee akamwambia akae vizuri, aache kupiga magoti kama anayeaga maiti.

"Nalijua tangu Chonga," alisema. "Muuza samaki hatubu kwa samaki wa jana mbele ya mtu atakayerudi kununua. Alipokuja Sheikhan, nikajua na muda wenyewe umebakia mchache."

"Mbona hukuniuliza, baba?"

"Niwaulize, niwavunjie heshima? Watu wamejitaabisha, wamepika biriani." Uso wake ukabadilika. "Kisha nalikuwa nakungoja wewe. Nalisema, hawa wote watanificha, ila huyu hawezi. Kila ukileta kahawa nilidhani utasema."

Najla alilia, na akilia akasema. Alimweleza yote, bila mpango: damu, alama, ile protini inayosimamia ujumbe, uvimbe uliojivika nguo ya ubongo, askari wa mwili waliotumwa kuupiga wakaishia kuipiga miguu yake mwenyewe, sindano za Nairobi, wiki ambazo hawakuwa nazo na wamezitumia kula haluwa. Ziad alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza mteja dukani, kichwa upande.

"Kwa hivyo wanaonimaliza miguu ni watu wangu mwenyewe," alisema, "na kila mmoja yuwadhani ananilinda."

"Ndivyo asemavyo Chengo."

"Basi damu ni yetu. Hawakukosea kipimo." Alicheka, akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Na huyo Chengo asema bado yawezekana?"

Najla alisema hajui. Alisema mwanzoni iliwezekana; sasa hajui. Lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyomwambia baba yake tangu damu irudi, na lilimuuma kulitoa. Akamshika mkono ule usiohisi, akamwomba tena amsamehe, safari hii akijua anachokiomba.

"Sikusamehe," alisema Ziad.

Najla aliinua uso. Katika maisha yake alikuwa amesikia baba akikataa mengi, lakini radhi ya mtoto hakuna mzazi wa mitaa ile aliyeikataa mtoto akiwa amepiga magoti.

"Hao wengine niliwapa, kwani walikuja kuniaga. Kila mmoja alitwaa chake akenda kulala. Nikikupa na wewe leo, utakuwa huna tena haja na mimi. Utakaa ulie vizuri, ungoje siku. Sikupi. Nenda katafute gari, unipeleke kwa Chengo sasa hivi, na huko Nairobi twende sote. Nikirudi, uniulize tena. Nisiporudi, kaa na deni langu. Sitaki kufa nikiwa nimemsamehe kila mtu."

Najla aliinuka. Mlangoni alikuta Shangazi Badria amesimama, shela imemdondoka mabegani, kwani alikuwa akisikiliza tangu mwanzo. Alimshika Najla mkono kwa nguvu akamuuliza kama baba yake amempa radhi.

"Amenikatalia," alisema Najla.

Badria alipiga kifua akaanza kumlilia, maana mtoto aliyenyimwa radhi na mzazi ni mtu aliyekwisha, duniani na kesho akhera. Juu, Sheikhan alichungulia kutoka roshanini akiuliza kuna nini. Najla alijitoa mikononi mwa shangazi yake na kuteremka ngazi mbio, machozi hayajamkauka, akakata kichochoro kuelekea barabarani kutafuta teksi. Tangu siku damu iliporudi hakuwahi kumwona baba yake akiwa hai kama alivyomwona pale mkekani akimnyima.